Kutoka Tawi Bichi hadi Indiketa: Historia ya Ishara za Barabara ya Kusini

Lusewa hakuna taa za kuongozea magari. Kata hiyo ya Wilaya ya Namtumbo, eneo lililokuwa Songea Vijijini hadi wilaya mpya ilipoundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, inafikiwa kwa barabara inayochepuka Mtwara Pachani na kuendelea kupitia Lingusenguse na Nalasi hadi Tunduru. Kwa muda mrefu imekuwa barabara ya udongo na changarawe. Kiangazi gari la mbele humezwa na vumbi lake lenyewe, na masika Fuso hulala njiani likisubiri tope likauke.

Hata hivyo, dereva anayetoka Lusewa na mzigo wa mbaazi au ufuta, akapita Songea na Makambako mpaka Dar es Salaam, njia nzima anasoma taa zinazowaka na kuzima. Anasoma indiketa ya lori lililomtangulia mlimani, taa kubwa za basi linalokuja mbele yake, na hazadi, yaani indiketa zote zikiwaka pamoja, za gari lililoharibika. Mwisho wa safari anaweza kukuta makutano ya jiji yakiwaka njano na kuzima, usiku wa manane, hakuna trafiki wala mtu wa kuuliza. Taa hizo hazizungumzi lugha moja. Nyingine zinatoka kwenye kitabu cha sheria, nyingine zimetungwa na madereva wenyewe, na ajali huweza kuzaliwa pale mtu anapoisoma moja kwa kamusi ya nyingine.

Ukitaka kujua kwa nini iko hivyo, sharti urudi nyuma, kabla ya gari la kwanza.

Katika karne ya 19 nchi ya kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa Kivinje ilikatizwa na njia za misafara. Wayao, ambao hadi leo ni miongoni mwa wenyeji wa upande wa Lusewa na Tunduru, walikuwa mabingwa wa njia hizo. Walishuka pwani na pembe za ndovu, na pia na watu waliotekwa utumwani, wakarudi bara na nguo, shanga na baruti. Msafara wa mamia ya watu ulitanuka njiani kiasi kwamba wa mwisho hawakuwaona wa kwanza. Ulihitaji ishara. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alitangulia na bendera, barugumu likapigwa kutangaza kuondoka na kufika. Na kwenye njia panda, waliotangulia waliifunga njia isiyo yao kwa kuchora mstari chini au kulaza matawi yenye majani. Aliyechelewa alipoyakuta, alijua: usipite huku.

Hiyo ni alama ya barabarani ya kale kusini mwa Tanzania, nayo haijafa. Lori likikatika ekseli leo kati ya Songea na Namtumbo, tanboi, msaidizi wa dereva, hashiki simu kwanza, anashika panga. Anakata matawi mabichi na kuyalaza lamini: moja mbali kabisa, la pili karibu zaidi, kisha mengine yakifuatana hadi nyuma ya tela. Anarudia vilevile upande wa mbele. Majani mabichi ndiyo yenye maana. Yakinyauka, dereva anayepita hudhani gari lilishaondoka siku nyingi na mtu amesahau kusafisha. Sheria inadai pembetatu ya kuakisi mwanga, na ni haki idai, kwa sababu tawi halionekani gizani mpaka umelikaribia mno. Lakini hakuna dereva wa masafa marefu asiyepunguza mwendo akiona majani barabarani mchana.

Gari lilifika Afrika Mashariki likakuta utaratibu huo wa miguu. Tarehe 10 Agosti 1907, Luteni Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari akiazimia kuvuka bara zima, na akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, Mei 1909. Hakupitia Songea. Mwaka huohuo wa 1907 Ungoni, nchi ya Wangoni wa Songea, ilikuwa bado inauguza majeraha ya Vita vya Maji Maji, baada ya viongozi wake kunyongwa na Wajerumani mjini Songea Februari 1906. Kwa miongo mingi iliyofuata mtu wa Songea aliendelea kutembea. Vijana waliokwenda kukata mkonge Tanga walikwenda kwa miguu wiki nyingi, hadi malori yalipoanza kuwasomba. Chama cha wenye mashamba ya mkonge kiliunda ofisi ya kuajiri vibarua, SILABU, mwaka 1944, na Songea ilikuwa mojawapo ya maeneo iliyoyategemea sana. Kwa wazee wengi wa Ungoni na Undendeule, gari la kwanza kulipanda lilikuwa lori la manamba, yaani la vibarua hao.

Lori la zama hizo halikuwa na indiketa. Dereva alitoa mkono dirishani. Mkono ulionyooshwa kulia ulisema nakata kulia, na mkono uliopandishwa na kushushwa polepole ulisema napunguza mwendo. Kitabu cha kwanza cha kanuni za barabarani cha Uingereza, kilichochapishwa mwaka 1931 na kuuzwa kwa peni moja, kilifundisha ishara hizo za mikono, na makoloni yakazirithi. Kwenye lori lililojaa tumbaku hadi juu, mkono wa dereva haukuonekana kutoka nyuma. Hapo tanboi aliyekaa juu ya mzigo ndiye alikuwa taa ya nyuma: alipungia, alipiga bodi, alipaza sauti.

Huku kusini kukiwa hivyo, miji ya mbali ilikuwa imeanza kuzungumza kwa taa. Desemba 1868, mbele ya Bunge la Uingereza, London, ilisimikwa nguzo iliyobuniwa na John Peake Knight, mhandisi wa reli. Mchana ilionesha mikono, usiku ikaonesha taa za gesi, nyekundu na kijani, rangi zilizochukuliwa moja kwa moja kutoka relini. Haikumaliza hata mwezi: Januari 1869 gesi ililipuka na kumjeruhi polisi aliyekuwa akiiendesha. Taa ya umeme ilikuja Cleveland, Marekani, tarehe 5 Agosti 1914. Mwaka 1920 polisi wa Detroit, William Potts, akaongeza rangi ya tatu, ile ya njano, ili dereva apate muda kati ya kwenda na kusimama.

Kuwaka na kuzima kulitoka baharini. Minara ya taa ya pwani ilitumia mwendo wa kuwaka na kuzima ili nahodha atofautishe mnara mmoja na mwingine, na atofautishe mnara na moto wa kawaida ufukweni. Jicho la binadamu huzoea mwanga uliotulia, lakini hushtuka mwanga unapobadilika. Ndiyo maana, mhandisi alipotaka kumwambia dereva kwamba mahali hapa si pa kawaida, hakutafuta rangi mpya. Alichukua ile ya zamani akaifanya iwake na kuzima.

Magari yenyewe yalifuata. Kabla ya indiketa za leo, magari mengi ya Kiingereza yalikuwa na mkono mdogo wa rangi ya njano uliochomoza ubavuni, na Morris Minor ziliendelea kuuzwa nao katika miaka ya 1950. Marekani, kampuni ya Buick ilianza kutoa magari yenye indiketa za kuwaka na kuzima mwaka 1939. Siri yake ilikuwa kifaa kidogo chenye ukanda wa metali mbili zilizounganishwa. Umeme ukipita, ukanda unapata moto, unapinda na kukata mkondo, kisha ukipoa unarudi na kuunganisha tena. Mlio ule wa tik-tak kwenye Land Rover ya zamani ulikuwa mlio wa ukanda huo. Kanuni za kimataifa za magari zinataka indiketa iwake kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Fundi wa Songea huhitaji masikio tu: tik-tak ikikimbia kuliko kawaida, anajua balbu moja imeungua.

Kifaa hicho kilipofika mikononi mwa madereva wa kusini, kilipewa kazi ambayo waliokibuni hawakuikusudia.

Kwanza ilihitajika barabara. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kuifanya Makambako kuwa mlango wa Nyanda za Juu Kusini. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Uingereza, lami ikashuka kutoka Makambako kupitia Njombe hadi Songea. Mkoa uliokuwa ukikatika kila masika ukawa na barabara ya mwaka mzima. Lakini barabara hiyo ina milima, na mlima unaotajwa zaidi na madereva ni Lukumburu.

Tuchukue gari mbili Lukumburu. Mbele ni lori lenye tela, limejaa mahindi, linapanda kwa gia ya chini kabisa. Nyuma ni basi lililotoka Songea alfajiri. Dereva wa basi anaona nyuma ya tela, mawingu, na ukuta wa mlima. Kona hazioni. Dereva wa lori ameketi juu na ana mbele yake yote. Anawasha indiketa ya kulia. Hakuna barabara ya kulia pale, kuna korongo. Anachosema ni: kuna gari linakuja, usitoke. Dereva wa basi anatulia. Lori jingine linashuka, linapita kwa kishindo. Kisha indiketa inahamia kushoto: njia nyeupe, pita. Basi linatoka, linapita, na likishamaliza kurudi upande wake linapiga honi fupi mara mbili kushukuru.

Lugha hiyo haimo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Katika sheria, indiketa ni tangazo la nia ya mwenye gari: nageuka, naingia, natoka. Katika lugha ya masafa, ni ushauri kwa mtu wa nyuma. Kwa bahati njema, upande wa kulia maana zote mbili zinaelekea mahali pamoja. Kama lori linakata kulia kweli, au linakuonya, jibu ni lilelile: baki nyuma. Hatari iko kushoto. Indiketa ya kushoto inaweza kuwa ruhusa ya kupita, na inaweza kuwa lori linaegesha tu, wala dereva wake hana habari nawe. Hata akiwa amekuruhusu kweli, ameangalia magari. Bodaboda inayotoka kwenye njia ya shamba huenda hakuiona.

Lugha hiyo pia ina mipaka ya nchi. Imejengwa juu ya kuendesha kushoto, kama ilivyo Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Dereva akivuka Rusumo na mzigo wa Kigali, upande wa hatari umehama, kwa sababu gari linalokuja sasa linapita kushoto kwake. Mwenye mazoea ya Lukumburu asiyelikumbuka hilo anaweza kusoma onyo kama ruhusa.

Usiku ulikuwa na historia yake. Kuanzia miaka ya 1990, baada ya ajali nyingi, mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku, na barabara zikabaki kwa malori na magari madogo. Mwaka 2023 Serikali ilifungua tena safari za saa 24. Kizazi kizima cha madereva wa mabasi kilikuwa kimekomaa mchana, kikarudishwa gizani ambako taa ndiyo lugha pekee. Wa malori walikuwa na desturi zao: gari mbili zikikaribiana kwenye barabara nyembamba, kila mmoja anawasha indiketa ya kulia kumwonesha mwenzake mwisho wa bodi yake uko wapi. Kati ya Namtumbo na Tunduru, ambako ushoroba wa wanyama unaounganisha Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji unaikata barabara, dereva aliyekwisha kumwona tembo ana sababu ya kumulika kumwonya anayekuja.

Kumulika, au kupiga fulu kama wasemavyo wenyewe, ndiyo ishara yenye maana nyingi kupita kiasi. Huweza kusema kuna trafiki na tochi mbele, punguza mwendo. Huweza kusema taa zako zinaniumiza macho, zishushe. Kwenye daraja jembamba huweza kusema pita wewe, na huweza kusema nakuja mimi, ngoja. Maana mbili za mwisho zinapingana kabisa, na madereva wawili wanaweza kukutana katikati ya daraja kila mmoja akiamini amekubaliana na mwenzake. Kanuni za barabarani za Uingereza zimeliona hilo zamani. Zinasema kumulika kuna maana moja tu: niko hapa, nione. Hiyo ndiyo maana pekee ambayo dereva wa Lusewa naye anaweza kuitegemea mbele ya mtu asiyemjua.

Hazadi nazo zimehama kazi. Ziliwekwa kwa ajili ya gari lililosimama mahali pa hatari. Leo kwenye makutano mengi ya Tanzania na Kenya kuna madereva wanaoziwasha kumaanisha nakwenda moja kwa moja. Anayekuja kutoka pembeni anaona ubavu mmoja tu wa gari, na kwake taa ile moja inayowaka na kuzima ni indiketa ya kukata kona. Anaingia barabarani akiamini unageuka. Kwenda moja kwa moja hakuhitaji taa yoyote. Na vimulimuli vya bluu na vyekundu, vilivyowekwa kwa ajili ya polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa, vilifungwa hadi kwenye magari ya watu binafsi, mpaka Jeshi la Polisi likaendesha operesheni za kuving'oa. Kila kimulimuli cha uongo kinapunguza utii kwa gari la wagonjwa la kweli.

Turudi sasa kwenye makutano ya jiji, mahali ambapo mgeni kutoka kusini hubabaika zaidi. Kwa nini taa ya njano inawaka na kuzima yenyewe, bila kijani wala nyekundu kufuata? Kuna sababu mbili kuu. Huenda wasimamizi wamepanga hivyo saa za usiku, magari yakiwa machache. Au kuna hitilafu. Ndani ya kabati la chuma linaloendesha taa za kisasa kuna kifaa kinachokagua rangi zote kwa wakati mmoja, na kikigundua hatari, kwa mfano pande mbili zinazokatana zimepewa kijani pamoja, kinafuta mpango mzima na kuamuru taa ziwake na kuzima. Mashine imekiri kwamba haiwezi kuamua, na uamuzi umerudi kwa dereva.

Mkataba wa Vienna wa alama na ishara za barabarani, wa tarehe 8 Novemba 1968, uliiweka maana wazi. Njano inayowaka na kuzima: unaweza kuendelea, lakini kwa uangalifu mkubwa. Nyekundu inayowaka na kuzima: usivuke. Mkataba uliitengea nyekundu hiyo mahali kama kivuko cha reli, daraja linalofunguka, gati la kivuko na mlango wa zimamoto. Marekani na Afrika Kusini huitumia pia kwenye makutano ya kawaida, na huko inabeba nguvu ya alama ya SIMAMA: simama kabisa, tazama pande zote, nenda palipo salama. Kwenye reli, usiende hata kama huoni treni. Subiri taa izime.

Njano hiyo haimpi mtu haki ya kutangulia. Anayeiona upande wake afahamu kwamba wa pande nyingine pia wanaona taa inayowaka na kuzima, na huenda wote wanajiona wana njia. Mtembea kwa miguu aliye kwenye kivuko apishwe. Trafiki akiwa amesimama katikati, mkono wake unazishinda taa zote. Na taa zikizimika kabisa, kama ilivyotokea mara nyingi Dar es Salaam wakati wa mgao wa umeme wa 2006 na 2011, makutano yanakuwa sawa na yale yasiyo na taa. Kila mmoja apunguze mwendo kana kwamba hana haki ya kwanza.

Hapa lugha ya barabara ya kusini inakuwa na thamani. Dereva aliyekulia kwenye matawi na indiketa za mlimani tayari anajua kwamba ishara haimwendeshei mtu gari. Inampa habari, na uamuzi unabaki kwake. Anachokosa ni kujua ni wapi habari hiyo ni amri ya sheria, na ni wapi ni neno tu la dereva mwenzake.

Lami inazidi kuikaribia Lusewa. Songea hadi Namtumbo iliwekwa lami kwa fedha za Marekani kupitia mfuko wa Changamoto za Milenia, na Namtumbo hadi Tunduru ikafuata katika muongo wa 2010, hivyo gari la Songea sasa hufika Mtwara juu ya lami. Wabunge wa Namtumbo wamekuwa wakiiombea pia barabara ya Mtwara Pachani. Lami ikifika itakuja na mwendo mkali, mabasi ya usiku, na vijana wa bodaboda ambao leo huonesha kona kwa mguu.

Kwa hiyo kazi ianze sasa, kabla ya greda. Vyuo vya udereva vya Songea na Namtumbo, pamoja na walimu wa VETA, wafundishe lugha zote mbili wazi: ile ya sheria na ile ya masafa, na tofauti yake. Wiki ya Nenda kwa Usalama isiishie kukagua stika kwenye vioo, bali iwaulize madereva maswali haya: njano ikiwaka na kuzima unafanya nini, nyekundu je, na lori likikuwashia kushoto Lukumburu, ni nani atakayejibu ukigongana? Jibu la swali la mwisho wanafunzi walijue kabla hawajapewa leseni. Atakayejibu ni yule aliyepita.